Damu ya Spès

Jiwe la kwanza lilivunja dirisha la maabara. La pili lilimpata Dieudonné, mlinzi wa lango, juu ya jicho, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Alipojaribu kuinuka, wanaume waliovamia lango walimkanyaga mgongoni hadi akaacha kulia.

Laure Havyarimana aliyaona hayo kupitia dirisha. Yeye ndiye aliyetunza benki ya damu katika nyumba hiyo ya utafiti, mtaani Rugenge, mjini Uvira. Wakulima wa bonde la Ruzizi walitolewa damu, ikatiwa kwenye vichupa na kugandishwa ndani ya friji ya baridi kali. Watafiti walitafuta humo alama za kansa ya ini, ili igunduliwe kabla tumbo la mtu halijavimba.

Mlango ulipasuliwa kwa shoka. Wa kwanza kuingia alikuwa Frédéric Niyongabo, mkulima wa Lubarika, ameshika panga. Yeye na mkewe Spès walikuwa wametoa damu pamoja. Spès alikuwa amezikwa juzi.

"Damu ya bibi yangu iko wapi?" aliuliza. "Yeye iko chini ya udongo, damu yake iko mu friji yenu. Muntu anazikwa nusu?"

"Papa Frédéric, sisi hatukumuua. Ugonjwa ulikuwa ndani yake tayari."

"Mulijua?"

"Tulijua. Lakini majibu yalitufikia tumbo limeshavimba."

Frédéric alimpiga shavuni kwa ubapa wa panga. Jino likakatika, sikio likabaki likivuma. Wenzake waliiangusha friji. Mlango wake ukafunguka, visanduku vikamwagika sakafuni. Walikanyaga vichupa, barafu nyekundu ikasagika chini ya viatu vyao. Mmoja akamkamata Laure nywele na kumburuta hadi pale.

"Usivunje vyote," Laure alimwambia Frédéric, mdomo umejaa damu. "Nitakupa vyake."

Hakuwa na glavu. Vidole viliganda kwenye chuma baridi cha visanduku, na alipovivuta ngozi ilibaki. Alipekua hadi akavipata vichupa vya Spès, akampa. Frédéric alivifumbata kiganjani, akavitazama, na uso wake ukalegea.

"Kuna jambo jingine," Laure alisema. "Weye pia, kipimo chako si kizuri. Tulikupigia simu, haukushika. Ikiwa uvimbe ungali mudogo, wanaweza kuukata."

"Munataka kunimaliza na miye," alisema Frédéric. Akampiga teke la tumbo, akatokea mlango wa nyuma.

Polisi walifika wakifyatua risasi. Mmoja wa wavamizi aliangukia langoni, koo limetobolewa, akafa kabla ya kugeuzwa. Dieudonné alipoteza jicho. Damu yote ya utafiti iliyeyuka, ikanuka, ikazikwa shimoni.

Mvua zilipoanza, Laure alikuwa amehamia maabara ya hospitali. Asubuhi moja aliingia mwanamke aitwaye Marie-Rose, akimshika mkono kaka yake. Laure alimtambua Frédéric kwa sauti tu, maana mwili ulikuwa umekonda.

"Ni miye nilikupiga," alisema.

"Najua."

"Vile vichupa niliviweka mu kaburi yake. Utanipima?"

Simu ilikuwa karibu, na kituo cha polisi hakikuwa mbali. Laure aliitazama, kisha akachukua mpira wa kufungia mkono. Aliukaza kuliko ilivyohitajika, hadi Frédéric akakunja uso, naye hakuulegeza. Alichoma sindano, akavuta damu, akaandika jina kwenye kichupa.

"Dieudonné anakaa nyuma ya soko," alisema. "Utaenda kwake kabla ya kurudi kuchukua majibu."

"Ataniua."

"Pengine."

Marie-Rose alitaka kusema neno, kaka yake akamzuia.

Frédéric alienda. Dieudonné alimfungulia mlango, akamtazama kwa jicho lililobaki, akaingia ndani na kutoka na fimbo. Alimpiga uani mbele ya majirani, mabegani, mgongoni, miguuni, naye Frédéric hakuinua mkono kujikinga. Marie-Rose alilia akimwomba Dieudonné aache. Mkono wa Dieudonné ulipochoka, aliitupa fimbo, akaenda kuleta kiti na kumwambia akae.

Uvimbe ulikutwa ungali mdogo, ukakatwa mwezi uliofuata. Frédéric yuko hai hadi leo, na anapokuja kupimwa, Laure ndiye anayemtoa damu. Hawaongei sana.