Mechi Tatu Bila Makofi

Gustave alikuwa ameikalia mikono yake. Ameiweka chini ya mapaja, juu ya ubao baridi wa jukwaa, kwa sababu kama ingekuwa huru ingepiga makofi yenyewe, na makofi yalikuwa marufuku.

Chini uwanjani, kwenye nyasi zilizokauka kwa baridi ya Juni, namba kumi mpya wa Étoile ya Malvern alipokea mpira huku amewapa mgongo mabeki wawili. Hakuwa na haraka. Aliuacha upite katikati ya miguu yake, mabeki wakaufuata mwili wake, naye akazunguka upande wa pili akaukuta unamngoja. Kisha akatoa pasi ndefu, mita arobaini, ikatua miguuni pa winga kama imewekwa kwa mkono. Winga akapaisha juu ya goli. Lakini pasi ile! Kwa miaka sita Gustave hakuwa ameona pasi kama ile katika uwanja huu.

Watu zaidi ya mia wa Malvern walikaa kimya kama wanangoja kung'olewa meno.

"Kohoa basi," mkewe Victorine akamnong'oneza. "Kukohoa hakujakatazwa."

Étoile ilikuwa timu ya Wakongo wa barabara ya Jules: mafundi cherehani, wasusi, wauza simu, walinzi, na mapasta wawili ambao Jumapili walifupisha mahubiri ili wawahi mechi. Kila mchezaji alikuwa na wimbo wake. Ukifanya vizuri unaimbiwa, ukikosea unatukanwa wewe na viatu vyako, na baada ya mechi mnakula sombe, majani ya muhogo, pamoja. Lakini namba kumi mpya hakuimbiwa, hakupigiwa makofi, wala hakutajwa jina, mpaka amalize mechi tatu. Jina lake lilikuwa Hénock. Jukwaani aliitwa "yule".

Kulikuwa na sababu. Namba kumi wa kwanza walimbeba mabegani kabla hata hajacheza, wakamwombea, wakamwimbia, naye akavunjika mguu dakika ya kumi na mbili. Wa pili walimpigia makofi mwezi mzima, akapata kazi Cape Town na kuondoka bila kuaga. Wa tatu alikuwa Sidney, Mkenya pekee aliyewahi kuichezea Étoile. Gustave alimshonea Sidney suti ya harusi kwa mkono wake. Wiki mbili baada ya harusi, Sidney akahamia kwa Wakenya wenzake wa Midrand, akarudi hapa hapa Malvern akawafunga mabao mawili.

Jioni ile watu walijazana dukani kwa Gustave, na ni yeye aliyepanda juu ya stuli na kupaza sauti: "Imetosha! Namba kumi mwingine akija, hakuna makofi, hakuna wimbo, hakuna jina! Mechi tatu! Na asiambiwe, maana akiambiwa atajitahidi mechi tatu tu. Tumwone kwanza ni mtu wa aina gani!" Watu walishangilia. Alexis, mwenyekiti wa mashabiki, ambaye kila mtu alimwita Prezida, aliandika sheria ile kwenye daftari na kuipiga muhuri.

Sasa Gustave alikuwa amekalia mikono yake, amekasirika, na mtu wa kumkasirikia alikuwa yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Jumatano baada ya mechi ya pili, Hénock aliingia dukani na kaptura ya timu mkononi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mrefu, mpole wa sauti.

"Papa Gustave, inanipwaya. Unaweza kuipunguza kiuno?"

"Lete."

Gustave akampima kiuno. Alitaka kusema: mwanangu, ile pasi ya Jumapili nimeiota. Badala yake akasema, "Usipumue," akaandika namba kwenye kipande cha karatasi.

"Unakaa wapi?" akauliza, maana hilo halikuwa kwenye sheria.

"Tembisa. Nalinda ghala kule Midrand. Kuja hapa ni teksi mbili, na Jumapili zinachelewa." Hénock akacheka kidogo. "Kuna Mkenya mmoja, ofisi yake iko ndani ya uwanja wa ghala letu. Kiprotich. Ni kapteni wa ile timu yao. Kila asubuhi akipita getini anashusha kioo. 'Hénock, umeamkaje? Hénock, goti linaendeleaje?' Ameniambia wanafanya mazoezi dakika tano kutoka pale ninapolinda."

Mkasi wa Gustave ukasimama.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitafikiri, papa. Tunacheza nao Jumapili hii. Nikaona nimalize hiyo mechi kwanza." Akatazama sakafu, kwenye vipande vya kitambaa. "Nilikuja Étoile kwa sababu ni watu wa kwetu. Lakini hapa nikicheza naona ni kama nimeingia matanga ya watu nisiowajua. Kuna kitu nimewakosea?"

Ilikuwa nafasi. Mlango uko wazi, duka halina mtu. Gustave alifungua mdomo. Lakini sheria ilikuwa yake, na mtu aliyesimama juu ya stuli mbele ya watu sitini hawezi kushuka mbele ya mmoja.

"Njoo Ijumaa uchukue kaptura," akasema.

Hénock alipotoka, Gustave alifunga duka na kuvuka barabara hadi kwa Prezida Alexis, aliyekuwa akitengeneza simu nyuma ya kioo chake.

"Prezida, tumfungulie huyu kijana. Leo. Midrand wanamtaka."

Alexis hakuinua kichwa. "Imebaki mechi moja."

"Midrand wanamwita kwa jina! Kila asubuhi! Sisi tunamwita 'yule'!"

"Basi unaona. Ana mguu mmoja kule tayari. Ni vizuri hatujajitoa."

"Ana mguu kule kwa sababu hapa hatujampa pa kuukanyagia!"

"Papa Gustave," Alexis akasema taratibu, akaiweka simu chini, "nani alipanda juu ya stuli? Mimi? Ulilia mbele ya watu kwa ajili ya suti ya Sidney. Tukakuonea huruma, tukakupa sheria. Sasa unataka tuifute kwa sababu umependa tena?"

Mteja mmoja akacheka. Gustave akatoka na shingo imemwiva, akavuka barabara taa ya robot ikiwa nyekundu, na dereva wa teksi akamtukania mama yake kwa Kizulu.

Jumapili Wakenya wa Midrand walifika na magari yao safi, viti vya kukunja, chupa za chai, na watoto wenye kofia za sufu waliokuwa wakizungumza Kiingereza tupu. Watu wa benki na vyuo vikuu. Walijipanga upande wa pili wa uwanja, wakaomba, wakamimina chai.

Dakika ya ishirini Hénock alipiga kona, beki wa Étoile akaiweka wavuni kwa kichwa. Watu wa Malvern wakamwimbia beki wimbo wake mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka. Aliyepiga kona hakuna aliyemtazama. Midrand wakasawazisha. Kabla ya mapumziko Hénock alimpita mtu wa kwanza, akamlaza wa pili, akampa winga mpira ambao hata Gustave na kitambi chake angeufunga. Mbili kwa moja. Winga akaimbiwa.

Upande wa pili, mwanamke mmoja wa Kikenya alisimama na kikombe chake mkononi. "Ah, lakini huyo namba kumi!" akapaza sauti. "Huyo ni moto! Mpigieni makofi jamani, hata kama ni adui!"

Na Wakenya wakapiga makofi. Adui. Wakiwa wamefungwa.

Gustave aligeuka. Aliwatazama watu wake, mia na zaidi, mikono mapajani, midomo imebanwa, kila mmoja akimwibia mwenzake jicho kuona nani atavunja. Watu waliovuka mipaka minne kuja mji huu, waliopanga vyumba na kufungua maduka pasipo mtu wa kuwaahidi kwamba watadumu hata wiki. Watu hao hao wanaogopa kumpigia makofi mlinzi wa ghala.

"Hii ni aibu," akasema.

"Papa, keti," Victorine akamvuta koti.

"Wakenya wanamshangilia mtoto wetu!"

"Najua. Nina macho. Ni sheria ya nani?"

Aliketi. Alivumilia hadi dakika ya themanini. Étoile bado ilikuwa mbele, na Hénock akachukua mpira katikati ya uwanja, kichwa juu, akitafuta wa kumpa. Hapo Gustave akasimama juu ya ubao, akapiga makofi kwa nguvu zake zote, akanguruma:

"Hénock! Hénock wetu! Unacheza vizuri, mwanangu! Hénoooock!"

Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kusikika kutoka jukwaa la Malvern. Hénock aliganda. Akageuza kichwa kutazama jukwaani, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa na marehemu. Nusu sekunde tu. Kiprotich akaupokonya mpira miguuni pake, akakimbia nao, akampasia mwenzake, mwenzake akafunga. Mbili kwa mbili.

Jukwaa zima likamgeukia Gustave.

"Fundi mjinga!"

"Umetuua, Papa Gustave! Umetuua!"

"Rudi kwenye stuli yako!"

Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa bado amesimama, mikono ikimwasha. Chini, Kiprotich alikuwa amemwekea Hénock mkono begani, wanatembea pamoja kuelekea upande wa magari na chupa za chai. Kiprotich alikuwa akiongea. Hénock alikuwa akisikiliza, kichwa chini.

Alexis alisogea karibu na Gustave, daftari kwapani, akaonyesha kwa kidevu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na utulivu wa mtu ambaye mambo yametokea kama alivyopanga.

"Unaona? Anakwenda. Heri hatukumpigia makofi."

"Heri?" Gustave akasema. "Heri? Prezida, mtu anakaa nje ya nyumba yako wiki tatu anabisha, humfungulii, anaondoka zake, halafu unasema heri sikumfungulia maana ni mtu wa kuondoka? Ndiyo akili hiyo? Mimi niliacha shule darasa la tano na hiyo naona ni ujinga!"

"Sheria yako."

"Yangu! Ndiyo! Na niliitunga siku nimeumia, kama mlevi, na ninyi wenye akili timamu mkaipiga muhuri!"

Akashuka jukwaani kwa kuruka mbao mbilimbili, goti likimlaumu, akakata uwanja katikati. Nyuma yake Victorine aliita, akaacha. Aliwafikia kwenye mstari wa pembeni.

"Kapteni, samahani," akamwambia Kiprotich, akihema. "Nipe dakika moja na mchezaji wangu."

"Bila shaka, mzee wangu," Kiprotich akasema kwa adabu, na adabu yenyewe ikamuudhi Gustave. "Hénock, chai iko. Jibu lako bado nangoja, sawa?"

Walibaki wawili. Jasho lilikuwa linamkauka Hénock usoni.

"Ni wewe uliyeniita," akasema.

"Ni mimi. Sikiliza. Kuna sheria. Namba kumi mpya hashangiliwi mechi tatu, haitwi jina, haambiwi. Mimi ndiye niliyeitunga. Walituumiza wengine kabla yako, mmoja nilimshonea suti. Tukaogopa. Hukutukosea chochote. Wewe ni mchezaji bora niliyemwona hapa, na tangu mechi ya kwanza nakalia mikono yangu kama mjinga. Nimemaliza."

Uso mpole wa Hénock ukabadilika.

"Wiki tatu," akasema. "Teksi mbili kuja, teksi mbili kurudi. Nikifika chumbani nalala natazama dari, najiuliza, labda ni kabila langu? Labda kuna mtu amesema maneno juu yangu? Nilimpigia mama simu Uvira nikamuuliza kama baba aliwahi kugombana na watu wa Malvern! Na kumbe ni suti? Suti ya mtu mwingine? Mimi ni Sidney? Mimi hata harusi sina!"

"Nimesema nimekosea."

"Umesema umeogopa. Hujasema umekosea."

"Nimekosea," akasema.

"Na leo umenishangilia kwa nini? Kwa sababu nimecheza vizuri, au kwa sababu umeona Kiprotich ananichukua?"

"Vyote viwili," Gustave akasema, maana hakuwa mtu wa kupamba.

Hénock akapangusa uso kwa fulana. Upande wa pili Wakenya walikuwa wanakunja viti. Upande huu akina mama wa Étoile walikuwa wamefungua sufuria, na harufu ya sombe ilikuwa imefika mpaka pale mstarini.

"Nitakuja Jumapili ijayo," akasema hatimaye. "Sijui ya baadaye. Jumapili ijayo nitakuja. Lakini sitaki kubembelezwa, papa. Nikicheza vizuri nishangilieni. Nikicheza vibaya nitukaneni kama mnavyowatukana wengine. Nimesikia mkimtukana kipa mpaka nikaona wivu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Basi ngoja nianze," Gustave akasema, na hasira aliyokuwa nayo tangu mechi ya kwanza ikapata mlango wa kutokea. "Lile bao lao la pili. Mpira uko mguuni, watu wawili wako huru kulia, na wewe unatazama jukwaani! Unatazama nini jukwaani? Nani amekufundisha mpira, wewe?"

"Nilikuwa nakutazama wewe!" Hénock akafoka. "Ulikuwa unapiga kelele kama ng'ombe!"

"Na Kiprotich naye hakusikia kelele? Mbona yeye hakutazama?"

"Kwa sababu hakuitwa jina lake!"

"Namba kumi haangalii anayemwita! Anaangalia mpira! Hata mimi na kitambi changu najua hilo!"

"Basi vaa kaptura ucheze wewe, papa!"

Walipofika kwenye sufuria walikuwa bado wanagombana, mikono hewani, wakikatizana maneno. Victorine akawatazama wote wawili, akajaza sahani moja kubwa, akaiweka katikati yao. Hénock akanyoosha mkono kwenye sahani huku akiendelea kubisha, mdomo umejaa, kwamba kulia hapakuwa na watu wawili huru, palikuwa na mmoja tu, na huyo mmoja hata kukimbia hajui.