Maneno Arobaini ya Hafidha

Chama kina utaratibu wake, na utaratibu huo una vituko vyake: wagombea wote wanaoomba kura za wajumbe husafirishwa pamoja, chombo kimoja, ili asiwepo wa kutangulia kugawa khanga. Basi asubuhi ile watu wanne waliochukiana mwezi mzima walipanda boti moja Makoko kwenda kisiwani Rukuba, wakipeana pole ya mawimbi utadhani ndugu.

Mmoja wao alikuwa Hafidha, mchambuzi wa sera. Miaka kumi na mitano aliandika safu gazetini, na kila wiki aliifunga kwa swali lile lile: "Nani atajibu?" Wakubwa hawakulipenda. Kuuliza kulipomchosha, aliingia ulingoni mwenyewe.

Kabla boti haijang'oa nanga, simu yake iliita. Alikuwa Mzee Abdulnasir wa Bunda, mhariri wake wa zamani.

"Hafidha mwanangu, mpinzani wako Onesmo katoa kopi za ile makala yako ya kokoro. Rukuba nzima wanayo."

Makala ile ilitokana na utafiti wake mwenyewe, aliouwasilisha kwenye semina moja Butiama, miaka sita iliyopita: kokoro, zile nyavu za kuburuta hadi ufukweni, zinamaliza samaki wachanga, zipigwe marufuku. Zikapigwa. Pale Rukuba zikachomwa moto, na watu wakalala njaa.

"Utafiti wako ulikuwa na aya ya kuwapa wavuvi nyavu halali kwanza," mzee aliendelea. "Gazetini haimo. Sema mhariri ndiye aliyeikata, nami nitathibitisha. Mimi nimestaafu, sina kura ya kupoteza."

Hafidha alimshukuru, akakata simu kwa aibu. Aya ile aliikata yeye. Safu ilizidi nafasi yake kwa maneno arobaini, ikambidi achague: nyavu za watu ambao hakuwahi kuwaona, au swali lake la kufungia. Swali lilikuwa tamu, akalibakiza. Ndio ugonjwa wa waandishi huo, kupenda sentensi kuliko mtu.

Rukuba, wajumbe walikuwa wamekaa chini ya turubai karibu na vichanja vya dagaa, kila mmoja na kopi mapajani. Dakika tatu kwa kila mgombea. Onesmo, mkandarasi wa barabara, alitumia mbili kusikitika.

"Mimi simtaji mtu," alisema. "Someni wenyewe."

Zamu ya Hafidha ilipofika, kabla hajafungua mdomo, mjumbe mmoja, mama mkausha dagaa, alisimama. Jina lake Euphrasia.

"Mama, sisi huku magazeti hayafikaga. Hili nimelisoma jana. Kokoro ya mume wangu walichomea hapo hapo uliposimama. Ni wewe uliandika, ama walikuandikia?"

Mlango wa kumsingizia mhariri ndio huo, wazi, ilibaki kuingia tu. Kisha akamwona Onesmo anatabasamu, na hasira ikamkumbusha yeye ni nani.

"Niliandika mimi, kila neno. Na bado nasema kokoro inaua ziwa. Mkinipa kura nitasema, mkininyima nitasema. Lakini yalikuwepo maneno mengine arobaini, ya kuwatetea ninyi. Nafasi haikutosha. Niliyakata mimi, si mhariri, nikabakiza swali langu kwa sababu lilinipendeza. Hapo niliwakosea."

Minong'ono ikazagaa. Katibu akagonga meza. "Muda!"

"Sijamaliza," alisema Hafidha.

"Mwacheni," alisema Euphrasia. "Hayo maneno unayakumbuka?"

"Nayakumbuka."

"Haya, sema."

Akayasema, katibu akigonga meza mpaka akachoka: "Marufuku ianze baada ya kila mvuvi kupewa wavu halali, si kabla. Anayechoma wavu wa mtu na kumwacha mikono mitupu amechoma chungu chake, na watoto wake hawawezi kungoja samaki wakue. Nyavu kwanza, ndipo moto. Moto huo uwashwe mbele ya wavuvi wenyewe."

Safari hii hakumalizia kwa swali. Aliomba kopi ya Euphrasia, akaigeuza, akayaandika nyuma yake na kuweka jina lake kamili chini.

Euphrasia aliisoma karatasi, akaikunja. "Kura yangu hupati, mama. Nakwambia machoni. Ila hii naibandika mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, kila mtu aione, na upite usipite, tutakudai."

Ndani ya boti Onesmo hakuweza kujizuia. "Dada, umejimaliza mwenyewe. Hata yule mama kakunyima."

"Kaninyima," alisema Hafidha, akikaza mtandio maana upepo ulikuwa mkali. "Miaka kumi na mitano nauliza nani atajibu, na wakubwa wenu wananyamaza. Yeye kanijibu siku moja, tena machoni. Kura ni kesho, Onesmo. Jina langu liacheni pale pale kwenye karatasi ya kura."