Breki ya Upande wa Mwalimu

Mume ndiye aliyemleta yule mzee nyumbani, tena kwa mbwembwe zote. Alisukuma mlango kwa bega, mikono miwili imemshika mgeni, akapaza sauti: "Mama watoto! Njoo umwone mtu aliyenivusha wakati wa vita! Huyu ndiye Radi!"

Mkewe alikuwa amepiga magoti anafuta sakafu. Hakuinuka. Jina hilo alikuwa akilitafuna tangu usichana wake. Vita vilipofika kwao, yeye alitangulia mpakani kwa miguu pamoja na majirani, na mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii, alipata nafasi kwenye lori la dereva mmoja aliyeitwa Radi. Lori lilifika. Mama hakufika. Wanawake walioshuka walimwambia huku wakitazama chini: Radi alimshusha njiani. Basi. Hakuna aliyemwambia kwa nini, wala hakuna aliyemwona mama yule tena.

Mume hakulijua hilo hata chembe. Walikutana kambini, wakaoana, wakavuka bahari kuja ugenini, na tangu mwanzo walikubaliana kwamba ya vita yasikanyage ndani ya nyumba yao. Mume alijua kwamba mama mkwe alipotelea vitani. Mke alijua kwamba mume alidandia lori. Lori la nani? Hakuna aliyeuliza. Waliona ndiyo busara hiyo, watu wazima na akili zao timamu!

Na kwa kweli nyumba ilisimama. Mke alianza kwa kufagia ofisi za watu, akajifunza lugha ya wenyeji, akajifunza gari, mpaka akawa mwalimu wa udereva anayeogopwa kuliko wote pale shuleni. Watoto watatu walizaliwa na kulelewa humo humo. Sasa huyu hapa Radi, mvi kichwani, kofia mkononi, anatabasamu.

"Leseni ya kwetu huku hawaitambui," mume alieleza. "Ameahidiwa kazi ya kusambaza mikate, ila lazima afanye mtihani upya. Analala kwenye kochi la mwanawe, na mkamwana kamnunia hadi basi. Nikamwambia, mzee, mwalimu si ninaye ndani?"

"Nitamfundisha," mke alisema. "Tena nitamfundisha vizuri."

Mume akafurahi, maskini ya Mungu.

Pale shuleni mwanafunzi haendi kwenye mtihani mpaka mwalimu wake aseme yuko tayari. Mke alikuwa ameshaamua moyoni kwamba hatasema. Radi angekanyaga klachi mpaka kiyama. Angezeeka kwenye kochi la mwanawe, akitazamwa kwa jicho la pembeni kila anapofungua friji.

Gari la mafunzo lina breki ya pili, upande wa mwalimu. Breki hiyo ilikuwa haipumziki. Radi akipinda vibaya, breki. Akipinda vizuri, breki pia. Mkanda ulimbana kifua mpaka akakohoa, na mwalimu alifurahi, tusidanganyane. Usiku alilala usingizi mnono, na mumewe akasifia kwamba kumsaidia mzee kumemtuliza.

Ila yule mzee naye alikuwa na vituko vyake. Aliendesha katikati ya barabara, kila siku, utadhani kailipia.

"Kaa upande wako!"

"Pembeni kuna mabomu, mkwe."

"Mabomu gani? Pale pana duka la maua!"

"Najua, mkwe. Mikono ndiyo haijui."

Alimwita mkwe kwa sababu mumewe alikuwa kama mwanawe, na kila alipoitwa hivyo, mwalimu alitamani kumtemea mate.

Siku moja waliingia barabara ya sokoni. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, bibi mmoja wa makamo alikuwa ameshaanza kuvuka, anaburuta kikapu chake cha magurudumu. Radi hakupunguza mwendo. Wala hakugeuza macho. Mwalimu alikanyaga breki yake kwa nguvu zote, gari likaguna na kusimama kwenye mistari. Bibi alipiga boneti kwa kiganja, akawatukana matusi ya kutosha, akaenda zake.

"Humwoni mtu? Kwa nini husimami?"

"Kule ukisimama umekwisha, mkwe." Radi alikuwa akihema. Kisha, ajabu, akatabasamu. "Nilisimama mara moja tu. Nilimsimamia mumeo."

Mwalimu aliuacha mguu palepale kwenye breki.

"Lori lilikuwa linakwama kwenye tope kila mara, na waliokuwemo ni wanawake na watoto watupu. Mara namwona kijana kasimama barabarani, ana kifua hiki! Lakini nafasi hakuna. Nikamshusha mama mmoja mgonjwa wa miguu, akapanda yeye. Alitusukuma mpaka mpakani. Haki ya Mungu, bila mumeo tungekufa wote."

Magari nyuma yao yalipiga honi. Miaka yote hiyo mwalimu alikuwa akiwaza kwamba yule dereva alikuwa mlevi, au mkatili tu. Hakuwahi kuwaza kwamba mama yake alibadilishwa na mtu, na mtu mwenyewe ni mumewe, huyu ambaye yeye humfulia mashati.

"Washa gari," alisema. "Twende kwangu."

Mume alikuwa jikoni anakata vitunguu. Watoto walikuwa mezani na vitabu vyao vya shule. Mwalimu alimsimamisha Radi katikati ya chumba.

"Waeleze ulivyompata baba yao. Yote, kama ulivyonieleza mimi."

Radi, akidhani anasifiwa, alieleza kwa madaha, na kile kifua akakionyesha tena kwa mikono. Alipofika kwenye mama mgonjwa wa miguu, kisu cha mume kilisimama.

"Yule mama," mwalimu alisema, "ni mama yangu mzazi."

Radi alikaa bila kukaribishwa. "Mwanangu..."

"Mimi si mwanao." Alikwishatoa simu na kumpigia mwenye shule, na alisema kwa sauti ili asikike. "Yule mzee wangu hafai kwa mtihani. Leo hafai, na mwakani hafai. Hasimamii watu." Akamtazama Radi wakati kazi ya mikate inamtoka usoni. Alikuwa ameusubiri uso ule maisha yake yote, na ulikuwa mtamu kama alivyotegemea.

Halafu akamgeukia mumewe.

"Ulimwona?"

"Nilimwona akishuka. Alinishika mkono nipande. Alidhani atapandishwa lori la nyuma yetu."

"Kulikuwa na lori nyuma?"

"Hapana."

"Na wewe ulijua hilo."

"Sikujua kama ni mama yako! Naapa, mke wangu, sikujua!"

"Ungejua?"

Hakuna mtoto aliyefunua ukurasa. Mume aliwatazama wote watatu, akaanza na mkubwa, akamalizia na yule mdogo mwenye kidevu chake. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Ningepanda," alisema.

Mwalimu alimchukia kwa jibu lile. Angejibu vingine angemchukia zaidi, maana angekuwa anamdanganya mbele ya watoto ambao wasingekuwepo kama asingepanda. Alifungua mlango, akausimamia.

"Msindikize mgeni wako."

"Mama watoto..."

"Msindikize, nimesema."

Wakatoka, mzee mbele, mume nyuma, bado ananuka vitunguu. Binti mkubwa alisogea dirishani kuwatazama.

"Mama, baba atarudi saa ngapi?"

"Akirudi atagonga," mama alisema, akasukuma komeo mpaka mwisho.