Kikombe Juu ya Dai la Tatu

Ofisini naitwa Tarehe Kwanza. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kila mkaguzi mpya anayeletwa idara yetu ya vifaa vya hospitali hukaa mezani kwangu wiki mbili, na asubuhi ya kwanza humwambia: "Mwanangu, kabla hujatazama mchoro, kabla hujashangaa akili za watu, soma tarehe. Uvumbuzi ni foleni ya maji. Hatuulizi nani ana kiu, tunauliza ndoo ya nani ilitangulia." Wanacheka, wanaandika. Miaka kumi na minne nimewachekesha kwa maneno hayohayo.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akibuni kitu huleta ombi la hataza, yaani hati ya kumlinda asiigwe. Mwisho wa ombi huandika madai: la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likitaja kwa maneno machache kile anachosema ni chake. Madai ni uzio. Mimi nauzunguka uzio huo nikiangalia kama umeingia shambani kwa jirani. Ukiingia, nakata. Ukizidi kile mtu alichobuni kweli, naandika sentensi ambayo vidole vyangu vinaijua hata nikisinzia: "Dai hili ni pana mno, lipunguze."

Ombi la fundi lilinifikia likiwa la saba kwenye rundo la siku. Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali, hana wakili, madai kaandika mwenyewe. Alihangaika na zile roboti za upasuaji: daktari anakaa kitini pembeni, macho kwenye kioo, na mikono ya mashine ndiyo inayoingia tumboni mwa mgonjwa kupitia matundu yasiyozidi tundu la kifungo. Ncha ya kila mkono ina kifundo kinachopinda na vidole viwili vya koleo vinavyovutwa na nyaya nyembamba. Tatizo, aliandika, ni kwamba kifundo kikipinda, nyaya za vidole nazo huvutika, koleo likabana bila kuambiwa. "Na linachobana," aliandika, "ni utumbo wa mtu." Kwenye dai la tatu alizipitisha nyaya katikati kabisa ya mhimili wa kifundo, juu ya kapi mbili ndogo, yaani vigurudumu vya kupitishia nyaya, ili kifundo kipinde kitakavyo na vidole vitulie.

Sasa, mezani kwangu lilikuwepo tayari ombi la kampuni kubwa, kurasa mia mbili na kumi. Dai lake la saba: nyaya katikati ya mhimili, kapi mbili. Pacha mtupu. Kampuni ilileta lake mwezi wa sita. Ukurasa wa mbele wa fundi ulisema mwezi wa pili, mwaka uliofuata. Miezi minane nyuma! Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kwenye chumba cha chai niliwaambia wenzangu, "Leo nimempata fundi wa kaboni. Kaweka karatasi ya kaboni chini ya kazi ya watu, kabonyeza, katuletea!" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kufikia saa nane mchana jengo zima lilikuwa linamwita Fundi Kaboni, na barua ya kumkataa ilikuwa imeshatoka. Niliimalizia kwa sentensi ambayo hakuna aliyenituma niiandike: "Mwombaji anashauriwa kubuni chake."

Naomba uishike hiyo sentensi. Mimi imenishika mpaka leo.

Baada ya miezi mitatu fundi aliomba kusikilizwa ana kwa ana, ambayo ni haki yake. Asubuhi ya siku hiyo mkuu wa idara alinikuta kwenye korido. Ni mtu mpole, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na daima anatafuta ya tatu.

"Huyu fundi," alisema, "anaandika kwamba ombi lake la mwanzo kabisa alilipeleka ofisi ya hataza ya nchi jirani alipokuwa akifanya kazi huko. Mwezi wa tatu. Kama ni kweli, amewatangulia kampuni kwa miezi mitatu, na tarehe hiyo ndiyo tunayohesabu. Anasema hati ya kuthibitisha alituletea. Uliiona?"

Sikuwahi hata kulifungua jalada upya. Karibu yetu alikuwa anapita shemeji yangu, aliyemuoa mdogo wangu, anayefanya kazi masjala, akisukuma toroli la majalada. Ndiye anayepokea kila bahasha inayoingia jengo hili. Mimi na yeye hatujawahi kupishana bila kutupiana maneno. Mara aniite mke mkubwa, mara nimwambie mahari yake ilikuwa na kasoro turudishiwe dada yetu.

"Haikunijia, Mkuu," nikasema. "Masjala hawakuleta kitu."

Ilitoka nyepesi, kama mtu anavyosema hajambo. Toroli lilisimama. Shemeji alinitazama, nikangoja anirushie lake. Hakurusha. Akasukuma, akaenda.

Nilirudi mezani nikiwa na amani kabisa, maana niliamini nilichosema. Nikainua kikombe cha chai. Nikakiweka. Nikakiinua tena.

Chini yake kulikuwa na karatasi nene ya waridi, kifudifudi. Ilidondoka kutoka kwenye jalada fulani siku fulani, nikaona ni ngumu, inafaa kulinda meza, nikaifanya kitako cha kikombe. Maduara ya chai yalikuwa yamepandana mgongoni mwake, moja likiingia nafasi ya jingine. Na katikati ya maduara, muhuri wa masjala yetu, na tarehe, na saini ya shemeji. Nikaigeuza. Ofisi ya nchi jirani. Jina la kifaa: kifundo cha mkono wa roboti. Mwezi wa tatu, tarehe tisa.

Mimi, Tarehe Kwanza, nilikuwa nakunywa chai juu ya tarehe.

Hapo simu ikalia. Mlinzi wa mapokezi, kijana mchangamfu, sauti yake ikisikika hadi korido: "Mama, Fundi Kaboni amefika!" Kisha nikasikia sauti nyingine nyuma yake, ya upole, ya mtu mzima: "Ndiyo mimi? Kwani hapa naitwa hivyo?"

Sikujua niweke wapi macho, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu.

Ningependa kukuambia kwamba nilinyanyuka papo hapo nikaipeleka ile karatasi. Lakini nilifungua droo nikaitia ndani, chini ya mashine ya kubana karatasi. Nikajiambia nitaona kwanza mambo yanakwendaje. Woga una adabu zake; haukuambii "danganya", unakuambia "subiri kidogo".

Tulikaa ofisini kwa Mkuu. Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kucha zenye alama ya grisi isiyotoka. Alileta kifundo chenyewe kwenye kopo la maziwa ya unga, kimefungwa kitambaa. Alikiweka mezani, akakipindisha kulia, kushoto, juu, huku vidole vya koleo vimeshika ganda la yai. Ganda halikupasuka.

"Hospitali hutupa hizi ncha zikitimiza idadi yao ya matumizi," alieleza. "Mimi nilikuwa naziokota, nazifungua nione kwa nini madaktari wanazilalamikia. Miaka minne, Mkuu. Mke wangu alishasema nikafunge ndoa na kapi."

Mkuu alicheka. Kisha akavua miwani. "Kazi yako naiona, bwana. Shida ni hati ya ombi lako la kwanza. Sheria inataka hati yenyewe iwe imetufikia ndani ya muda, na muda ulikwisha mwezi uliopita. Isipokuwepo, tarehe yako ya mwezi wa tatu inaanguka, na dai la tatu linaanguka nayo. Halitainuka tena."

"Niliileta kwa mkono wangu," alisema fundi. "Ya waridi. Nakala ninayo hii, ila haina muhuri wenu. Nilimkabidhi yule bwana wa dirishani."

"Muiteni wa masjala."

Shemeji aliingia na kitabu chake cha mapokezi. Kitabu kilionyesha bahasha moja, siku ile. Lakini kitabu chetu huandika bahasha, hakiandiki kilichomo.

"Unakumbuka karatasi ya waridi?" Mkuu alimuuliza.

Shemeji alinitazama mara moja tu. Unajua, mdogo wangu nilimlea mimi tangu akiwa na miaka sita, na siku ya kumchukua, shemeji aliniambia, "Dada, wewe ndiye mama mkwe wangu, utani ni wa mbele za watu tu." Alikifunga kitabu taratibu.

"Mkuu," akasema, "huenda ilinipotea mimi. Siku hizo bahasha zilikuwa nyingi."

Fundi hakupiga kelele. Alikichukua kifundo chake, akaanza kukifunga kitambaa, akikosea kona, akianza upya. "Basi," akasema. "Basi, hakuna neno. Na ile barua ilisema nibuni changu."

Nikakumbuka ghala. Kabla ya vyeo na viti vya kuzunguka, nilikuwa mpakiaji kwenye ghala la nguo. Msimamizi alipoteza hati ya mzigo akasema sikumletea. Nilimletea. Nilisimama mbele ya wakubwa, mdomo wazi, na kila mtu alitazama viatu vyangu vilivyotoboka, akaamini viatu. Nililia mwezi mzima, nikaapa kwamba nikipata meza yangu, mtu hatapotezewa karatasi juu yake. Meza nikapata.

"Haikupotea," nikasema.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliyeomba ruhusa ya kwenda nje. Nilitoka, nikafungua droo, nikarudi na ile karatasi nimeishika kwa mikono miwili. Nikaiweka mezani mgongo ukiwa juu, ili muhuri uonekane. Maduara nayo yakaonekana.

Mkuu alitafuta miwani, ipo kichwani. "Hii ni nini hapa, hii michirizi?"

"Chai," nikasema.

"Chai?"

"Nilikuwa naweka kikombe."

Nilitamani mtu acheke. Maisha yangu yote kicheko ndicho mlango wangu wa nyuma. Nimetokea humo mara nyingi. Siku hiyo hakuna aliyeufungua. Shemeji aliangalia sakafu. Fundi alinyoosha kidole, akapitisha ukucha wake wa grisi juu ya duara moja, polepole, kama anayepima kipenyo.

"Miezi mitatu?" aliniuliza.

"Miezi mitatu."

Mkuu aliamua palepale: hati ilipokelewa ndani ya muda, tarehe tisa mwezi wa tatu inasimama, uamuzi wangu wa kulikataa ombi unafutwa, na dai la saba la kampuni, ambalo nilikuwa nimeshapendekeza likubaliwe, linarudi kukaguliwa upya na mtu mwingine. Kisha akanitaka niandike maelezo ya kosa yaingie kwenye jalada, na fundi ayasome kabla hajaondoka. Jalada la hataza likishakamilika huwa wazi. Yeyote anaweza kuja kulisoma, leo au baada ya miaka thelathini.

Nikaandika. Mkono mwepesi huo, uliozoea barua za kukataa. "Kutokana na sababu za kiutendaji, hati ya mwombaji haikuzingatiwa kwa wakati." Nikamsogezea.

Fundi alisoma. Alisoma kama wanavyosoma watu wanaojiandikia madai wenyewe, kila neno akiligonga aone kama lina uwazi ndani. Kisha akanirudishia karatasi, kwa heshima kabisa, akasema:

"Mama, dai hili ni pana mno. Lipunguze."

Nikachukua karatasi nyingine. "Mimi, mkaguzi, nilipokea hati hii. Sikuisoma. Niliiweka chini ya kikombe changu cha chai kwa miezi mitatu. Nilipoulizwa, nilisema masjala hawakuileta. Nilipoiona, niliificha kwenye droo. Mtumishi wa masjala hana kosa. Sentensi ya mwisho ya barua yangu kwa mwombaji, inayomshauri abuni chake, naifuta, na ninamwomba radhi."

Alisoma tena. "Na lile jina?" akauliza. "La pale mlangoni."

Nikaongeza mstari: nani alilitunga, wapi, na kwamba lilikuwa la uongo. Alitikisa kichwa kukubali, akaweka saini, akalichukua kopo lake. Hakunipa mkono. Sikutarajia. Mlangoni aligeuka akasema, "Na hiyo waridi msiisafishe. Ibaki hivyo hivyo," akaenda zake.

Jioni nilipeleka jalada masjala mwenyewe, kwa miguu, badala ya kungoja toroli. Shemeji alipokea maelezo yangu, akayasoma yote, mpaka mstari wa jina. Nilisimama dirishani nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshamtungia hata maneno ya kunitania: kwamba ataninunulia kitako cha kikombe, kwamba sasa niitwe Chai Kwanza. Lolote. Ningelipokea kama mtu anavyopokea maji.

Alichukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino, akaugonga mara moja, akatia tarehe.

"Imepokelewa," akasema, kama anavyomwambia mtu yeyote, akaita aliye nyuma yangu.