Kilima cha Mzee Chumvi

Dereva wa lori akistaafu hurudi nyumbani na hadithi, na huyu alirudi nazo nyingi kuliko mizigo aliyowahi kubeba. Iliyomletea jina la Mzee Chumvi ni moja tu: ya kilima ambacho gari linakipanda lenyewe, injini imezimwa, dereva kakunja mikono. Akianza kuisimulia, watu walishika mbavu. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu wa kushoto ukawa mzito kama gunia lililolowa, na hadithi zikakauka. Siku nzima alikaa kwenye chumba cha ushonaji cha binti yake, katikati ya vipande vya vitambaa, akisikiliza cherehani kama mtu anayesubiri kuitwa. Hata kale kamwinuko ka kutoka uani kwenda barabarani kalimshinda mpaka mkwe wake, fundi mwashi, amshike kwapa. Alishikwa huku amefumba macho kwa hasira.

Siku moja walikuwa wanamrudisha kutoka kliniki, binti akiendesha, mkwe kiti cha nyuma pamoja na vifaa vyake vya kazi. Walipofika njia panda, mzee akasema, "Kata kushoto."

"Nyumbani ni mbele, baba."

"Nyumbani napajua. Kata kushoto, nikuonyeshe kilima changu."

Nyuma mkwe akakohoa. Mkwe hawezi kumwambia mkwewe kwamba anadanganya, kwa hiyo huyu hukohoa. Lakini binti alikuwa hajamsikia baba yake akitoa amri tangu augue. Akakata kushoto.

Lami iliisha, wakaenda na vumbi mpaka barabara ikaingia kati ya milima miwili mikubwa, imeinama yote upande mmoja kama watu wanaosikiliza siri. Mbele yao palikuwa na mwinuko wa wazi kabisa. Chini yake, kibanda cha machungwa na mama mmoja aliyewatazama kama aliyekuwa na miadi nao.

"Mmekuja kununua au kushangaa?"

"Kushangaa," mzee akajibu dirishani.

Yule mama akachagua chungwa, akaliweka katikati ya barabara, akaliachia. Chungwa likatulia kidogo kama linalofikiria. Halafu likaanza kupanda. Polepole kwanza, kisha likashika kasi, likirukaruka juu ya kokoto, mpaka likapotelea kileleni.

Hakuna aliyecheka.

"Mume wangu yuko huko juu," mama akasema. "Ndiye anayeyadaka."

"Zima injini," mzee akamwambia binti yake. "Toa gia. Achia breki."

Akaachia. Kimya kikawa kikubwa, wakasikia kokoto zikisagika chini ya matairi. Gari likaenda. Lilikuwa linapanda, pua juu, bila sauti, kama linavutwa na mtu mpole. Nywele zilimsimama binti mikononi.

"Baba, linakwenda!"

"Wewe shika usukani. Usikanyage kitu."

Walipofika katikati, mkwe akashindwa kuvumilia. "Simama, mama watoto, tafadhali." Akashuka na pimamaji yake, ambayo kiputo chake cha hewa hukimbilia upande ulio juu, akalala kifudifudi barabarani kama mtoto anayetazama siafu. Kiputo kilikimbilia upande wa kule chini walikotoka. Akaigeuza pimamaji kichwa miguu. Kiputo kikakimbilia kulekule.

"Inasema huu ni mteremko," akasema kwa sauti ndogo. "Inasema juu ni kule kibandani. Milima hii imeinama, na macho yetu yanafuata milima." Akatazama kilele, akatazama kiputo, akakaa chini vumbini.

"Wote wenye vyombo husema hivyohivyo," yule mama akapaza sauti kutoka chini. "Halafu hukaa, kama wewe!"

Wakati huo mlango wa mbele ulikuwa umefunguka. Mzee ameshika fimbo, anasimama.

"Baba, ngoja nikushike!"

"Usinishike."

Akatanguliza fimbo, akaleta mguu. Mguu ule, ule mzito, ukafuata. Ukafuata tena. Akasimama akautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi, kisha akaenda. Binti alijua, kwa kuwa mumewe amesema na kiputo kimesema, kwamba baba yake anateremka. Lakini alichokiona ni baba yake akipanda mlima peke yake, shati limejaa upepo, anazidi kwenda juu, anazidi kwenda juu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Akavua viatu, akamfuata. Akifumba macho, miguu ilimwambia anashuka. Akifumbua, anapanda. Alifumba na kufumbua njia nzima, na kila alipofumbua moyo ulimruka upya.

Kileleni, mdaka machungwa alikuwa ameshampisha mzee kigoda. Binti akakaa chini karibu yao.

"Mara ya kwanza," mzee akasema, bado anahema, "lori liliniharibikia pale chini, nimebeba saruji, nina usingizi. Nikahisi linapanda. Nilidhani nimekufa. Nikajiambia, kumbe kufa ndiyo hivi, kupanda bila kuchoka." Akaiegemeza fimbo gotini. "Hilo sikumwambia hata mama yako. La gari alilicheka, sawa. Hili nisingependa alicheke."

Binti akasogea karibu zaidi. Akamshika mkono, na safari hii mzee hakuutoa.

Mkwe aliwaletea gari, akarudi kiti cha nyuma, na ili kurudi kibandani binti alilazimika kuweka gia nzito kwenye kile ambacho macho yaliapa ni mteremko, injini ikiguna. Mzee aliongea njia nzima. Mguu ulirudia uzito wake mara tu walipofika tambarare, na daktari baadaye hakuona tofauti yoyote. Lakini kabla ya kufika kwenye lami mzee aliinua kidole kuelekea magharibi.

"Kule kuna jiwe," akasema, "ukiligonga linalia kama kengele. Mpaka kijiji cha pili wanasikia."

Mkwe akasogea mbele, akaweka kidevu juu ya kiti cha mkwewe.

"Ni mbali, baba?"