Kura za Malkia wa Visima Saba

Mkutubi alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona haya. Ukirudisha kitabu mapema, alikuuliza kama kweli umekisoma. Ukikichelewesha, alikinusa kwanza ajue kilikaa jikoni kwa nani. Wasomaji walimwita Mpelelezi, tena mbele yake, naye akaitika. Kwa hiyo siku alipofungua sanduku la kura za riwaya ya fantasia inayopendwa kuliko zote, na jina moja likaanza kujirudia karatasi baada ya karatasi, machale yalimcheza kabla hajafika hata ya kumi.

Kura hiyo hupigwa pale maktaba kila mwaka. Msomaji huandika jina la riwaya, jina la mwandishi, jina lake mwenyewe na mahali anapofanya kazi. Kitabu kinachoshinda huwekwa meza ya mbele mwaka mzima, na mwandishi wake hualikwa aje azungumze. Miaka mitatu mfululizo ilishinda ileile, Joka la Chumvi, na wapenzi wake usiwaguse: ukithubutu kusema juzuu ya pili imepwaya, umejitafutia ugomvi. Mwaka huu Joka lilipata kura ishirini na tisa. Malkia wa Visima Saba alipata thelathini na nne.

“Malkia gani tena huyu?” aliuliza msaidizi wake, mama mmoja aliyefunga miwani kwa kamba shingoni. “Nimekaa humu miaka kumi na moja, mbona simjui?”

“Hata mimi simjui,” alijibu mkutubi, bila kupepesa macho.

Uongo mtupu! Alimjua, maana aliyemwandika alilala naye kitanda kimoja.

Mumewe alikuwa msoma mita za maji. Asubuhi alizunguka majumbani na viwandani na daftari lake, jioni alikaa mezani akiandika habari za malkia na visima vyake. Ilimchukua miaka sita. Akakichapisha kitabu hicho kwa jina la kubuni, nakala chache tu, na moja akaipeleka mwenyewe maktaba, ameifunga kwa karatasi ya zawadi. Mkutubi akaipokea, akaiweka rafuni. Baada ya miezi minane ulipofika wakati wa kupunguza vitabu visivyoazimwa, akakuta kadi yake nyeupe pe, hakuna hata jina moja. Angeweza kukiacha, kwani vipo vitabu vilivyokaa humo miaka mingi bila kuguswa na hakuna aliyevisumbua. Lakini aliogopa kwamba mwandishi akija kujulikana, watu watasema anambeba mumewe. Basi akakitoa, akakitia kwenye boksi la vitabu vya bure pale mlangoni, na nyumbani akafyata mdomo.

Na mumewe hakuacha kuuliza. “Vipi, Malkia anasomwa?”

“Anasomwa, anasomwa,” hujibu yeye, akigeukia sufuria.

Sasa niambie, kitabu ambacho hakimo maktaba kimezoaje kura thelathini na nne? Mkutubi alizitandaza karatasi zote mezani akazikodolea macho. Mwandiko mmoja! Herufi zilezile zilizolala upande, kalamu ileile ya bluu. Na mahali pa kazi, zote thelathini na nne: karakana ya kushona sare. Nani huingia karakana ile kila mwezi, daftari mkononi, akisalimiwa na kila mtu? Msoma mita.

“Ameniibia,” alijisemea, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. “Mume wangu mwenyewe, kwenye sanduku langu mwenyewe!”

Lakini angemkabili vipi? Ili amwambie, “Hakuna mtu aliyekisoma hicho kitabu chako,” ingebidi kwanza aseme amejuaje. Ushahidi wake wote ulikuwa ni kosa lake. Akibatilisha kura, mume atataka sababu. Akizikubali, mwandishi ataalikwa aje azungumze, na mji mzima utasema Mpelelezi kampa mumewe ushindi. Alizikunja karatasi akazitia mkobani, akamwambia msaidizi matokeo yasubiri.

Jioni, wakila, akaanza kumzunguka kwa mbali.

“Baba watoto, hivi mita ya ile karakana ya sare iko wapi?”

“Nyuma, kwenye chumba cha kumalizia nguo. Kwa nini?”

“Nimeuliza tu.”

“Wewe? Uulize tu?” Mumewe alicheka, kisha akamtazama kwa muda mrefu kidogo. “Haya, na Malkia anasomwa?”

“Anasomwa.”

Mume akainamia sahani yake. Huyo, mkutubi akawaza, anajua ninalolijua.

Kesho yake saa sita alifunga dawati akaenda karakana. Alikwishapanga maswali yake njiani, moja baada ya jingine, kama askari. Chumba cha kumalizia hakikuwa na cherehani hata moja. Wanawake walikaa kwenye mabenchi wakishona vifungo kwa mkono, wakipinda mikono ya mashati, wakikata nyuzi. Katikati, juu ya kiti kirefu, alikaa mwanamke asiye na sindano, anasoma kitabu kwa sauti.

“Samahani, mimi ni—” alianza mkutubi.

“Shiii!” chumba kizima kilimjibu.

Akasimama mlangoni, mdomo wazi. Malkia alikuwa amefika kisima cha sita, na zimwi la hapo lilimtaka aliachie kivuli chake ndipo achote maji. Malkia hakuliamini. Hakumwamini mtu yeyote, huyo malkia, hata maji aliyanusa kabla ya kunywa, na washonaji walimcheka kwa mapenzi, “Jamani, mwanamke huyu!” Mkutubi akahisi uso unamchoma. Kitabu cha mumewe, na yeye hakuwahi kuvuka ukurasa wa ishirini.

Kengele ya mapumziko ilipolia alimsogelea msomaji, akamwekea karatasi mapajani. “Nani ameandika hizi?”

“Mimi,” alijibu yule mwanamke, ambaye wenzake walimwita Redio. “Mikono ya wenzangu ina kazi. Kila mmoja alinitajia kura yake huku anashona, nami nikaandika. Kwani kosa?” Akanyoosha vidole vyake, havikukunjuka vyote. “Vilipokakamaa hivi, nilijua kazi imeisha. Hawa wakagawana vifungo vyangu, wakaniambia, wewe tusomee. Hiki tunakirudia mara ya tatu sasa.”

“Mmekipata wapi?”

“Kwenye boksi lenu la bure, dada. Tazama.”

Akafungua ukurasa wa kwanza. Muhuri mwekundu: IMEONDOLEWA. Chini yake saini ya mkutubi, kubwa, haina shaka.

“Na aliyekiandika mnamjua?” Sauti ilikuwa imempungua.

“Tumjulie wapi? Mtu mwingine aliyewahi kukishika ni msoma mita. Alipita siku moja nikiwa nasoma, akaganda pale pale kama amepigwa shoti. Akaomba akitazame. Akautazama huo muhuri weeee, mpaka nikamwuliza kama anaumwa. Kisha akaomba kiti. Tangu siku hiyo, akimaliza mita yake, hukaa robo saa anasikiliza. Hizi kura alizikataa katakata. Alisema mpigieni Joka, mkutubi atapata taabu bure.”

“Tangu lini?”

“Miezi saba hivi.”

Miezi saba! Miezi saba mumewe amekuwa akimwuliza kama Malkia anasomwa, na yeye akimdanganya usoni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na vifungo vimfukie.

Alimkuta mumewe uani, anasugua matope kwenye viatu vya kazi. Hakuketi. “Umeshinda,” alisema. “Kura thelathini na nne, na zote halali. Nimewaona wapigaji wenyewe.”

Mume aliendelea kusugua.

“Nilikitoa rafuni. Mimi mwenyewe.”

“Najua.”

“Kwa nini hukusema?”

“Nilikuwa nakuuliza kila mara.” Akageuza kiatu. “Nilisema moyoni, mke wangu amesoma vitabu vyote vya mle ndani. Kama ameona changu hakifai, basi kina kasoro. Nimekaa pale karakana miezi saba nikisikiliza, naitafuta ni wapi. Niambie sasa, nikirekebishe. Ni pale kisima cha tatu?”

Mkutubi angeweza kusema ndiyo. Angeweza kutaja kisima chochote, na mumewe angemwamini.

“Sikukisoma,” alisema.

Brashi ikasimama juu ya kiatu. Mumewe alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, na mkutubi akatamani amfokee, amtukane, afanye lolote.

“Hilo,” alisema mumewe taratibu, “sikulishuku.”