Vitabu vya Kufungia Bagia

Mafuta ya bagia yalikuwa yamekwisha kumfikia mbuzi miguuni. Fakhriya aliikunjua karatasi iliyofungiwa bagia zake juu ya meza ya duka, akazisukuma bagia pembeni, akakodoa macho. Pichani mbuzi amevaa kanzu, amepanda baiskeli nyekundu, nyuma amefunga tenga la mchicha wa kupeleka sokoni, na shingo ameigeuza, anautafuna mwenyewe. Mara ya mwisho walionana kitabuni, Magomeni, Fakhriya hajaanza hata shule. Hakujua kwamba alikuwa na hamu naye kiasi kile.

Alivuka barabara katikati ya mikokoteni hadi kwa Paskalina, muuza bagia.

"Dada, hizi karatasi za kufungia unazitoa wapi?"

"Si kwa wale wa vitabu chakavu, wanatupimia kwa kilo. Kwani bagia zina mchanga?"

"Bagia hazina neno. Nipe vitabu vilivyobaki."

Paskalina akaburuta boksi kutoka chini ya meza. Vilikuwa vitabu vya picha vya zamani, vingine vimeshachanwa nusu, rangi zake zingali zinang'aa kama vimechapwa jana. Fakhriya alivikumbatia vyote, na vumbi lake na mafuta yake, akarudi navyo dukani akicheka peke yake.

Duka lilikuwa la khanga na vitenge, la jumla, ambalo yeye na kaka yake Abdulla waliachiwa na baba yao. Asubuhi ile Abdulla alivumilia. Mchana, alipomkuta dada yake ameinamia kitabu anacheka mpaka machozi, uvumilivu ukamwisha.

"Fakhriya, watu wanakuona."

"Wana macho, waache waone."

"Mtu mzima na vitabu vya watoto! Basi ukiulizwa, sema unawakusanyia wajukuu."

Fakhriya akafungua ukurasa mwingine. Hakuwa na wajukuu, hakujaliwa mtoto. Miaka nenda miaka rudi wateja walimsalimu, "Wajukuu hawajambo?", wakidhani kila mwanamke wa umri wake anao, naye akajibu, "Hawajambo." Alijibu hivyo ili mtu asione haya kwa kuuliza, ili asitazamwe kwa huruma, ili biashara iendelee. Alijiambia ni adabu tu, na kila mara ilimuuma. Sasa alishikwa na hasira. Hata kicheko chake nacho kiombewe ruhusa kwa watoto wasiokuwepo?

Alasiri akaingia Bi Zulekha, mteja wao mkubwa kuliko wote, mwanamke wa maneno machache na majora mengi.

"Habari za hapa? Wajukuu hawajambo?" Macho yake yakatua juu ya vitabu. "Naona umewapatia zawadi."

Abdulla akawahi. "Ndiyo, si unajua tena mambo ya bibi na…"

"Sina wajukuu," Fakhriya akasema.

Abdulla akajifanya anatafuta kalamu.

"Sina mtoto, Bi Zulekha. Sijawahi kuwa naye. Siku zote nilikuwa nakudanganya, uniwie radhi. Vitabu hivi ni vyangu. Nasoma mwenyewe, nafurahi mwenyewe."

Bi Zulekha akainua macho kutoka kwenye vitabu. Fakhriya akaiona ile huruma inamjaa usoni, ile aliyoikimbia maisha yake yote. Safari hii hakuinamisha kichwa. Aliitazama, akaendelea kuitazama, mpaka mwenzake akaona haya kuwa nayo.

"Basi," mteja akasema taratibu, "nilikuwa nataka yale majora ya bluu."

"Utayapata, dada yangu. Ngoja kwanza nimalize ukurasa huu. Fisi ameingia harusini bila kualikwa, na biriani ndiyo kwanza linapakuliwa."

"Fakhriya!" Abdulla akanong'ona.

Fakhriya akavuta kigoda, akaketi. Mteja amesimama, kaka mtu amesimama. Akasoma bila haraka, na alipofika pa kuchekea, akacheka, kwa sauti.